Baba Yangu Hajazaliwa

Julai 8

Daftari hili nilipewa na Madamu Hyasinta, mlezi wa bweni letu, siku tuliyofunga shule. Hakunipa kwa sababu najua kuandika. Alinipa kwa sababu nilimvunja jino msichana wa kidato cha tano aliyeniita mtoto wa nyumba ntobhu. Madamu akasema, "Bhoke, kila mkono ukikuwasha, andika. Karatasi haiendi polisi." Basi leo mkono unawasha kwa furaha, lakini naandika hivyohivyo.

Matokeo yametoka. Nimepata wani, daraja la kwanza! Fizikia A, Hesabu A, Kemia B. Bibi Nyangi amepiga vigelegele mpaka kuku wakakimbilia migombani. Mama ameketi chini, amelia, kisha akainuka kwenda kukoroga ugali, maana watu wakishalia wanakulaga.

Ninataka Mlimani. Ninataka uhandisi wa umeme, na ninautaka Dar es Salaam, kwenye chuo ambacho ukikitaja mtu anakaa sawa kwenye kiti. Nimesema.

Julai 9

Nimesoma niliyoandika jana nikaona siku moja mtu atalikuta daftari hili na hatajua nyumba ntobhu ni nini. Ni hivi. Bibi Nyangi alizaa mabinti watupu, wote wakaolewa wakaondoka. Kwetu nyumba isiyo na mtoto wa kiume inahesabiwa imekufa. Bibi hakukubali kufa. Akatoa ng'ombe wake mwenyewe akamuoa mama yangu, Gaudensia, amuolee mwanawe wa kiume ambaye hakumzaa. Huyo mwana akampa na jina, Mugeta. Kwa hiyo Mama ni mke wa Mugeta, na mimi ni Bhoke Mugeta, cheti cha kuzaliwa kinasema hivyo. Mugeta hana picha, hana kaburi, hajawahi hata kukohoa.

Mwanamke wa nyumba ya namna hii anachagua mwanaume wa kuzaa naye, na watoto wanakuwa wa nyumba, si wa huyo mwanaume. Mama alimchagua Burito, mchuuzi wa ng'ombe wa Bunda. Sijui alimwonea nini. Nikazaliwa mimi, halafu hakuzaliwa mwingine. Burito anakujaga akitaka, anakulaga, anampigaga Mama, anaondokaga. Ndiyo hivyo.

Julai 22

Leo Musoma, Iringo, kwenye steshenari ya kaka mmoja anaitwa Enos. Ndiye anayewajazia watu wote maombi ya vyuo na ya mkopo. Kuna foleni mpaka barazani.

Enos anavipanga vyuo kama timu za ligi. "Mlimani juu. Chini yake Sokoine, Mzumbe, Dodoma, hapo watu wanabishana. Halafu hivi vipya vya mikoani. Wewe na wani yako omba juu, lakini weka na kimoja cha chini, usije ukalala nje." Akaniwekea Butiama, kozi ya kilimo. Nikamwambia Butiama naiona nikienda kuteka maji, nitaendaje kusoma mahali ninapotekea maji? Akasema, "Weka tu, haili ugali."

Tukafika kwenye mkopo.

"Baba yuko hai?"

"Hapana."

"Pole. Lete cheti cha kifo."

"Hajafa."

"Dada yangu, chagua moja. Yuko hai au amekufa?"

"Hajazaliwa."

Duka zima likacheka. Kuna mama mmoja alicheka akashika meza. Enos naye akacheka, tena akaniuliza kama mama yangu ni Bikira Maria. Stepla ilikuwa karibu na mkono wangu. Sikumbuki kuiokota. Nakumbuka ikimgonga juu ya jicho na damu ikidondokea herufi za kompyuta.

Nikadhani ataniitia polisi. Enos akajifuta na shati, akaikagua stepla kama bado inafanya kazi, akasema, "Haya, tuendelee. Mama anaitwa nani?" Akaniandikia mama peke yake, na Bibi Nyangi kama mlezi, akaniambia nilete barua ya mtendaji wa kijiji. Nilipoomba msamaha akasema amekua na kaka wakubwa, stepla kwake ni mzaha.

Nimerudi nyumbani nikijisikia vibaya. Lakini niseme kweli, ilipompiga nilisikia raha.

Julai 29

Pamba. Vidole vimechanika.

Agosti 3

Pamba. Jua la kuua mtu. Bibi anaimba, mimi natukana kimoyomoyo.

Agosti 10

Burito amekuja.

Alikuja na nyama ya ng'ombe imefungwa kwenye mfuko wa saruji, anacheka, ananiita "injinia wangu" tangu akiwa njiani. Kumbe Bunda nzima ameshaitangazia mnadani kwamba binti yake amepata wani. Binti yake! Mtu aliyesahau hata nilisomea shule gani.

Akakaa akala. Nikiwa naosha vyombo nje nikamsikia akimwambia Mama, "Aende Mlimani. Mtoto wangu hasomi chuo cha uani." Nikashangaa, maana kwa mara ya kwanza mimi na Burito tunataka kitu kimoja. Akaendelea, "Akishaondoka mimi nahamia hapa. Bibi ni mzee, wewe uko peke yako, nyumba inataka mwanaume."

Mama akajibu. Mama hajibugi. Leo alijibu, kwa sauti ndogo, "Nyumba hii ina mwenyewe. Na mtoto si wako."

Sikuona ngumi ya kwanza. Nilisikia sufuria ikianguka. Nilipoingia alikuwa amemshika nywele na anampiga usoni, polepole, anachagua pa kupiga. Mama hapigagi kelele. Anainua mkono wa kushoto kuziba uso, kiwiko mbele, hivi, na anasubiri. Miaka yote anausubiriga mwisho wake. Mimi nilitoka nje nikaokota mawe. La kwanza lilimpata mgongoni. La pili lilimpata sikioni, akamwachia Mama akanigeukia, tukatazamana, naye akacheka huku damu inashuka shingoni.

"Ona," akamwambia Mama. "Mkono huo kautoa wapi? Kwa Mugeta?"

Akaondoka na nyama yake iliyobaki.

Jioni tulimpeleka Mama zahanati. Mganga akamuuliza. Mama akasema, "Nimeanguka kisimani." Mganga akaandika.

Agosti 11

Mkono wangu kautoa wapi. Neno hilo limenikaa rohoni.

Agosti 19

Upepo na vumbi. Bibi ameniuliza mtu akisoma umeme anajifunza kwanza nini. Nikamwambia anajifunza kinachopita ndani ya waya. Akasema, "Usichokiona." Nikasema ndiyo. Akaridhika kabisa, akarudi kwenye mihogo yake.

Septemba 3

Nimechaguliwa kote kuwili. Mlimani, umeme. Butiama, kilimo. Enos alinipigia mwenyewe, anapiga kelele kwenye simu utafikiri ni yeye anayekwenda. Sasa natakiwa kuthibitisha chuo kimoja. Naomba namba ya siri, inakuja kwenye simu, naijaza kwenye akaunti ya chuo ninachokitaka, kile kingine kinafutika. Mwisho ni Jumamosi ya wiki ya tatu.

Nikaruka ruka. Nikamkumbatia Bibi.

Halafu nikamwona Mama anapepeta mtama, jicho bado lina njano pembeni, nikakumbuka: akishaondoka mimi nahamia hapa. Burito anataka niende Mlimani. Anautaka mlango wazi, na mlango ni mimi.

Nimekaa na simu mkononi mpaka chaji imeisha.

Septemba 5

Nimeamua. Butiama. Kutoka chuoni mpaka nyumbani ni pikipiki moja, nikisikia kelele nafika. Umeme basi. Ng'ombe nao wana faida.

Nimewaambia wakati wa kula. Bibi akaendelea kula. Mama akaniongezea mboga. Nilitegemea watanishukuru. Nimeudhika.

Septemba 6

Nimekwenda Butiama kumtafuta Hana, rafiki yangu tangu kidato cha kwanza. Kwao ni Mwitongo, wanafuga. Tulikutana karibu na ofisi za wilaya, amesuka nywele mpya, anang'aa. Amechaguliwa Butiama.

Nikamwambia, "Na mimi nakuja huko kwenye chuo chenu cha uani."

Akanizaba kofi. Mimi! Hana ni mfupi, alinyanyuka kwa vidole vya miguu ili anifikie. Watu waliokuwa wanasubiri huduma wakageuka wote.

"Rudia," akasema. "Mimi nilikuwa na uwezo wa kwenda kwingine. Nimekiweka hiki namba moja. Ng'ombe wetu wamekufa kwa ndigana nikiwatazama, baba analia kwenye zizi, nataka kujua kwa nini. Wewe unakuja kwa sababu gani?"

Nikamweleza habari ya Burito. Nilidhani atalainika. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Pole sana kwa Mama. Lakini usije kukalia kiti cha mtu anayetaka kusoma, wewe umekuja kulinda boma. Hicho si chuo cha mgambo."

Nilikunja ngumi. Nilitaka kumrudishia, nilitaka hasa. Kilichonizuia si huruma. Ni kwamba pale pale, na njia nzima ya kurudi, nilikuwa nasikia lile neno "uani" mdomoni mwangu, nikajua nimelitoa wapi.

Septemba 9

Niandike yote, nisije nikadanganya baadaye.

Tulikuwa tunachoma miti ya pamba. Ni amri, shamba lisafishwe kabla ya mvua ili wadudu wafe. Tumeng'oa, tumelundika, Bibi ana mti mrefu wa kusukumia moto, Mama anabeba, mimi nakata visiki kwa panga. Ilikuwa asubuhi bado, moshi unaelekea barabarani.

Burito akatokea ndani ya moshi. Hakuwa amelewa. Naandika hili kwa sababu najua watasema ni pombe. Alikuwa amenyoa, amevaa koti, amekuja kuzungumza na Bibi mambo ya sherehe. Amewaalika watu wa Bunda. Atachinja dume, hapa kwetu, kuniaga ninakwenda Mlimani, naye atakaa mbele kama baba na atatambulishwa.

Bibi akasukuma moto wake. "Utatambulishwa na nani?"

"Na wewe."

"Mtoto ana baba."

"Nani? Mugeta?" Burito akageuka huku na huku, akaita kabisa kwa mikono mdomoni, "Mugetaaa! Toka nikuone, mura!" Akacheka. "Miaka yote naoneshwa mtu ambaye hayupo. Mlete hapa, mama, nimsalimie."

Bibi akasema, "Umesimama kwenye shamba lake. Shuka."

Akampokonya ule mti. Bibi hakuuachia haraka, ni mwanamke mwenye nguvu, wakavutana. Akaupata, akampiga nao mkononi, mara moja, na mfupa ukalia. Nilikuwa mbali nikausikia. Bibi akakaa chini karibu na moto, anautazama mkono wake umepinda mahali pasipo na kiungo. Burito akauinua tena ule mti.

Nilikuwa nimeshafika. Nilitaka shingo. Siandiki "nilitaka kumtisha," nilitaka shingo. Aliinama kwa sababu alimkanyaga Bibi sketi, na panga likaingia begani, kwenye koti, likakwama. Nikalivuta. Damu ikatoka nyingi na ya moto, ikanirukia mdomoni. Nikainua tena. Hapo ndipo Mama aliponidaka mkono. Alining'ang'ania kwa mikono miwili, ananing'inia kabisa, anasema "Bhoke, Bhoke, Bhoke," nami namburuta kumfuata yule mtu anayetambaa kwenye majivu. Nikamwona Burito usoni. Alikuwa anaogopa. Naapa, nilifurahi kuliko siku ya matokeo.

Majirani wakaja. Mzee Mwikwabe, mwenyekiti wetu wa kitongoji, akachukua panga, akaninawisha uso kwa maji ya kunywa. Wakawapakia wote wawili, Bibi mbele ya gari, Burito nyuma. Polisi wakatoa PF3, fomu ya matibabu, kwa kila mmoja. Bibi amelazwa hospitali. Burito ameshonwa.

Mwikwabe amerudi jioni akasema kesi ni mbili, ya Burito na ya kwangu, na zikienda zitaenda zote. Nikamwambia ziende. Akaniuliza, "Chuo utakisomea gerezani?" Mama akamwambia tutazungumza.

Septemba 10

Koti lake limebaki shambani. Nimelitupa kwenye moto.

Septemba 11

Hospitali. Bibi amefungwa hogo la plasta mpaka juu ya kiwiko. Ameuliza kuku wamekula.

Septemba 13

Sijui niandike vipi. Madamu alisema karatasi haiendi polisi.

Nilitoka kumpelekea Bibi uji. Niliporudi mchana nikamkuta Burito ndani. Ndani ya nyumba. Amekalia kigoda cha Bibi, shati amevua, na Mama amepiga magoti mbele yake anamsafisha kidonda kwa maji ya chumvi. Kidonda nilichokikata mimi. Anakipuliza kisiume.

Burito akasema, "Karibu, injinia." Akainuka, akavaa shati lake bila haraka, akapita karibu yangu akatoka. Sikumgusa. Hilo ndilo ninaloshindwa kulielewa. Yule alipita nikamwacha.

Nikamgeukia Mama. Nikamwambia nimeacha Mlimani kwa ajili yako. Nikamwambia Bibi amevunjwa mkono kwa ajili yako. Nikamwambia wewe ni mpumbavu, unapenda kupigwa. Mama akasema, akiwa bado magotini, "Amekuja kuifuta kesi yako. Nimemwambia nitamsafisha kidonda, naye aifute. Ameshasaini kwa Mwikwabe."

Nilisikia maneno hayo. Nisingiziwe kwamba sikusikia. Niliyasikia, na mkono ulikuwa umeshaondoka. Nilimpiga mdomoni kwa nyuma ya mkono, halafu tena kwa kiganja, na beseni likamwagika.

Mama akainua mkono wa kushoto. Kiwiko mbele. Akafumba macho akasubiri.

Alikuwa ananisubiri mimi nimalize.

Nilisimama na mkono wangu juu. Maji ya chumvi yalikuwa yanatambaa chini ya kitanda. Baada ya muda akafungua jicho moja kuangalia kama nimemaliza. Akafuta damu kwa upande wa khanga. Akasema, bila hasira, kwa sauti ileile anayoniulizia kama nimekula, "Bhoke mwanangu. Mmoja namuweza. Wawili siwawezi."

Septemba 14

Sijala. Amenipa chakula kama kawaida.

Septemba 15

Bibi amerudi. Mwikwabe alimleta. Aliposhuka tu kwenye gari akamtazama Mama midomo.

"Nani kampiga mke wa mwanangu?"

Mama akasema, "Nimeanguka kisimani."

Nilikuwa nimeshika begi la Bibi. Maneno yale yale. Aliyasema bila hata kufikiri, alikuwa nayo tayari, amenihifadhia na mimi.

Nikasema, "Ni mimi."

Mwikwabe akakohoa akaaga. Bibi akaingia ndani akakaa kwenye kigoda, hogo mapajani, hakuniita. Nimekaa nje na kuku.

Septemba 16

Ameniita leo baada ya uji. Mama alikuwepo, Bibi alitaka awepo.

Nilijua atanipiga, nilitamani anipige. Hakunipiga. Akasema:

"Mimi nilimtoa huyu kwao kwa ng'ombe wangu. Nikawaambia wazazi wake, nyumba yangu haina mwanaume, hakuna wa kumpiga. Nilijisifu hivyo. Halafu Burito akaja, akaanza, nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nataka mtoto wa kiume, nikasema ngoja azae kwanza, ngumi zitapita. Nimesubiri huyo mtoto mpaka nimezeeka. Kosa hilo ni langu, si la mtu mwingine."

Akapumua.

"Mugeta hayupo wa kumtetea mke wake. Nipo mimi. Nimechelewa, lakini nipo. Anayempiga mke wa nyumba hii halali kwenye nyumba hii. Burito hakanyagi tena hapa. Na wewe."

"Bibi."

"Na wewe, nimesema. Kile chuo cha karibu umekichagua kwa ajili ya nini?"

"Kumlinda Mama."

"Ni karibu mno," Bibi akasema. "Kile kingine kinaitwaje?"

"Mlimani."

"Ni mbali?"

"Mbali sana, Bibi."

"Basi ndicho chako. Nenda mpaka mkono huo upoe."

Nikamtazama Mama nikitaka aseme neno. Mama alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Utakuwa unapiga simu." Hicho ndicho alichosema.

Nimelia hadharani, na siku zote mimi siliagi.

Septemba 17

Burito alirudi leo, mchana kweupe, na mfuko wa nguo zake. Amehamia. Alisimama mlangoni akasema amefuta kesi, ametimiza lake, sasa na sisi tutimize.

Bibi alikuwa amelala na maumivu. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na jiko la nje, na shoka lilikuwa pale pale, limechomekwa kwenye gogo. Nililiona. Burito naye aliliona, akanitazama, akatabasamu. Alikuwa ananingoja. Nikaweka mikono yangu chini ya makalio, nikaikalia, kama mtoto mdogo aliyekatazwa kushika chakula.

Mama alikuwa anatwanga muhogo. Akaacha. Akaja na mchi mkononi, anatembea tu, hakukimbia, unga umemjaa mpaka kwenye nyusi. Burito akasema, "Gaude, weka hiyo." Akaweka mguu ndani ya mlango. Mama akaushusha mchi juu ya mguu ule kama anavyoushushaga kwenye kinu, kwa nguvu zote za mabega, na akaurudisha juu, na akaushusha tena. Burito alipiga yowe lililomwamsha Bibi. Akaanguka nje. Alipoinua mkono kujikinga, kiwiko mbele, Mama akampiga mchi kwenye kiwiko hicho.

Halafu akasimama. Mchi juu. Nilimwona anafikiria kichwa. Niliijua sura ile, naijua kutoka ndani. Akaushusha mchi chini taratibu, akauegemea, akamwambia, "Nilikuchagua mwenyewe. Leo nakuacha mwenyewe. Ukirudi sitaishia hapa."

Alitambaa mpaka njiani, watu wakamchukua. Mwikwabe amekuja akasikiliza, akaandika, akasema hii sasa itabidi iende kituoni, kwa dawati la jinsia, yote tangu mwanzo. Mama akasema iende, na kisimani hajawahi kuanguka. Mwikwabe akamuuliza kisima gani. Mama akarudi kwenye kinu chake.

Nilipoitoa mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi.

Septemba 18

Iringo. Enos ana kovu dogo juu ya jicho, limempendeza. Ilipoingia namba ya siri kwenye simu akauliza, "Tunathibitisha wapi?"

"Mlimani."

"Nilijua! Chuo cha kwanza! Huko ndiko hadhi yako." Watu wa foleni wakapiga makofi. Yule mama aliyenicheka siku ile naye alikuwepo na mwanawe, akanipa mkono. Nikashukuru. Ningewaambia nini? Wao wananiona nimepandishwa daraja. Kwetu wanajua nimefukuzwa.

Enos akabonyeza, Butiama ikafutika.

Septemba 21

Nimekwenda kwa Hana, nikamwomba radhi kwa neno la uani. Akasema kiti changu kimepata mtu, amesikia, kijana wa Bunda. Tukala sato. Ameahidi kupita nyumbani kila mwezi kuwaangalia, na nikamwambia akipita asilinde mtu, asalimie tu. Akasema, "Kwani mimi mgambo?"

Oktoba 2

Burito yuko nje kwa dhamana, anatembelea gongo, haonekani huku. Kesi inaendelea.

Oktoba 11

Wingu. Halikunyesha.

Oktoba 19

Mvua! Kubwa, na upepo. Majivu ya shambani yote yamekwenda. Mama na Bibi wamesimama mlangoni wanacheka, hogo la Bibi limefunikwa na mfuko wa nailoni. Nilitaka kwenda kusimama nao. Nikabaki nilipo, nawaangalia.

Oktoba 26

Nimeandika haya nikiwa kwenye kiti cha basi, Bunda imeshapita, mwandiko unisamehe.

Walinisindikiza wote wawili mpaka barabarani asubuhi hii. Bibi amefunguliwa hogo, mkono umebaki umepinda kidogo. Akanitemea mate ya baraka kifuani. Akaniita Mugeta, anavyoniitaga akijisahau, kisha akajirekebisha akasema Bhoke. Basi likaonekana linakuja, taa zinawaka.

Mama alikuwa amejifunga kitambaa kichwani, kimelegea, pembe moja imemwangukia jichoni. Kitu kidogo. Nikainua mkono nimwekee sawa.

Akainama. Kiwiko mbele, macho amefumba.

Ilikuwa haraka sana, na mara hiyo hiyo akajua, akafungua macho akacheka kwa aibu, akasema, "Ah, mwanangu, ni mazoea tu." Akakifunga kitambaa mwenyewe. Nami mkono wangu ulikuwa bado huko juu, sijui pa kuuweka. Nikauteremsha polepole nikauficha nyuma yangu. Nikamuaga kwa mdomo.

Kondakta akauliza ninakwenda wapi. Nikamwambia, mbali. Akasema mbali wapi, dada, basi hili linaishia Dar es Salaam. Nikasema basi hukohuko.